Nyumba ya Kontena Nayo Hutaka Kupumua

Mtu atokaye Nairobi kwa barabara ya Namanga, akapita Athi River na kuingia Kitengela, hakosi kuyaona. Yamepangwa kando ya barabara: moja ni duka la simu, jingine ni la kinyozi, jingine ni mkahawa wa chai na chapati. Hayo ni makontena, yale masanduku ya chuma yanayoleta shehena katika bandari ya Mombasa. Kutoka Kitengela hadi Isinya na mji wa Kajiado, mengine yamegeuzwa kuwa nyumba za kuishi. Mtu amepata kiploti chake, amechoka kulipa kodi jijini, na fedha za kujenga nyumba ya mawe hazijatimia. Basi hununua kontena kuukuu, akalikata madirisha, akalipaka rangi, akahamia na jamaa yake. Wachache hupata karavani kuukuu, yaani lile trela la kuvutwa na gari lenye vitanda na jiko ndani, nao huifanyia vivyo hivyo.

Mpango huo hauna aibu. Makao ni makao, na mtu hujikuna ajipatapo. Lakini wahenga walisema kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Somo letu la leo linahusu huko ndani. Wengi wanaokarabati masanduku haya hutumia fedha zao za kwanza kwa rangi, vigae na taa za urembo. Daktari angewashauri watumie shilingi ya kwanza kwa kitu kisichoonekana, nacho ni hewa.

Sanduku lililoundwa kuzuia hewa

Kontena la aina tunayoijua lilianza safari zake mwaka 1956, wakati mfanyabiashara Mmarekani Malcolm McLean aliposafirisha masanduku 58 kwa meli iliyoitwa Ideal X kutoka Newark hadi Houston. Shabaha ilikuwa kulinda mali: maji ya bahari yasipenye, wezi wasiingie. Ndiyo maana milango ya kontena huzungushiwa mipira, vitundu vyake vya hewa ni vidogo mno, na makomeo yote yako nje. Sifa hizo zinazolinda magunia na mitambo ndizo hizo hizo zinazomdhuru binadamu.

Hebu tupige hesabu. Kontena la futi 20 lina urefu wa mita 5.9 kwa ndani, upana wa mita 2.35 na kimo cha karibu mita 2.4. Ukishaweka dari na kuta za mbao, hubaki takriban mita 30 za ujazo za hewa. Ndani yake wamelala baba, mama na watoto wawili. Hewa ya nje ina gesi ya kaboni dayoksaidi kiasi cha sehemu 4 katika 10,000. Iwapo kila kitu kimezibwa, pumzi za watu hao wanne kwa saa 8 zaweza kupandisha kiasi hicho kupita sehemu 100. Wataamka, lakini wataamka na kichwa kizito na kinywa kikavu, kana kwamba hawakulala. Mtoto atasinzia darasani na mwalimu atamwita mvivu.

Kwamba kontena lililofungwa kabisa huua, hilo halina ubishi. Mnamo Machi 2020, katika mkoa wa Tete nchini Msumbiji, maafisa walisimamisha lori na kukuta ndani ya kontena lake maiti 64 za wahamiaji kutoka Ethiopia. Watu 14 walitolewa wakiwa hai. Ilidhaniwa kuwa wenzao walikosa hewa. Mwenye nyumba ya Kitengela hajajifungia hivyo, lakini sanduku ni lile lile. Kwa hiyo, kabla ya usiku wa kwanza, hakikisha kuna mlango unaofunguka kutoka ndani, na angalau dirisha moja ambalo mtu mzima anaweza kulipita moto ukizuka. Vyuma vya dirisha hilo viwe vya kufunguka bila ya kutafuta ufunguo.

Sumu isiyonusika

Nyanda za Kajiado huwa na joto mchana, lakini kati ya Juni na Agosti usiku wake ni wa baridi kali, na chuma hupoa haraka kuliko mawe. Hapo ndipo mama humaliza kupika nje, akaliingiza jiko la makaa ndani ili watoto wapate joto. Moshi umekwisha, makaa yamekuwa mekundu, na kila mtu huamini kuwa hatari imepita. Kumbe ndiyo inaanza.

Makaa yanapoungua hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Ikiingia mapafuni huing'ang'ania hemoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Damu huendelea kuzunguka, lakini haibebi uhai. Ubongo na moyo ndivyo huumia kwanza. Mama mjamzito yumo katika hatari kubwa zaidi, kwa kuwa sumu hiyo humfikia mtoto aliye tumboni.

Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na miguu kulegea. Msomaji ataona kwamba dalili hizi hufanana na za malaria au za chakula kilichoharibika. Zipo ishara tatu za kutofautisha. Kwanza, jamaa nzima huugua kwa wakati mmoja, hata paka wa nyumbani. Pili, mara nyingi hakuna homa. Tatu, wagonjwa hupata nafuu wakitoka nje, na huzidiwa tena wakirudi ndani.

Ukishuku jambo hilo, watoe watu wote nje mara moja, kisha uwapeleke katika hospitali yenye oksijeni. Mwambie daktari waziwazi kuwa kulikuwa na jiko ndani ya kontena. Usimfiche, kwa maana kile kifaa cha kubana kidoleni ambacho wengi walikizoea wakati wa korona hudanganyika: huonyesha kuwa oksijeni ni ya kutosha hali damu imejaa sumu. Mtu akipumua hewa ya kawaida, nusu ya sumu hiyo huchukua saa 4 hadi 5 kutoka damuni. Akipewa oksijeni tupu kwa barakoa, muda huo hupungua hadi saa moja na nusu hivi.

Basi sheria ni moja: jiko la makaa halina mahali ndani ya kontena au karavani, hata dirisha likiwa wazi. Jenereta nayo iwekwe mbali, si chini ya dirisha. Mtungi wa gesi ukae nje, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hujikusanya sakafuni. Wenye karavani wawe waangalifu zaidi. Karavani nyingi za zamani zilitengenezwa zikiwa na matundu ya kudumu, mengine sakafuni na mengine juu ya paa. Mkarabati asiyejua huyaona kama kasoro zinazoingiza vumbi na baridi, akayaziba. Matundu hayo yaliwekwa kwa makusudi ili gesi itoke. Yasafishe, yatie wavu, lakini usiyazibe.

Ukuta utoao jasho

Mtu aliyelala hutoa mvuke kwa pumzi na ngozi, kiasi cha kikombe kimoja au zaidi kwa usiku. Katika nyumba ya chuma mvuke huo hugonga ukuta baridi na kugeuka matone. Asubuhi utaona maji yakitiririka nyuma ya kabati na godoro likiwa na unyevu kwa chini. Baada ya majuma machache huota ukungu mweusi. Ukungu huo huamsha pumu, huleta kikohozi kisichokoma kwa watoto, na mafua yasiyosikia dawa.

Jambo kubwa zaidi ni kifua kikuu. Kenya ingali katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huu. Viini vyake huelea hewani mgonjwa anapokohoa, na hukaa kwa muda mrefu mahali pasipo na upepo wala jua. Mgonjwa mmoja asiyejijua, akilala na wenzake katika chumba kilichofungwa, aweza kuwaambukiza kabla hajafika hospitalini. Anayekohoa kwa majuma mawili au zaidi apimwe.

Sakafu na rangi ya zamani

Sakafu ya kontena ni mbao za plaiwudi nene, na kwa kawaida hutiwa dawa kali ya kuua wadudu ili zisisafirishe mchwa kutoka nchi moja hadi nyingine. Kwenye mlango huwa kuna kibati cha maelezo, na humo huandikwa iwapo mbao zilitiwa dawa, jina lake na mwaka. Kisome kabla ya kulipa. Hujui pia shehena gani ilimwagika humo katika miaka ya safari. Kutandika zulia juu hakutoshi, hasa pakiwa na mtoto anayetambaa na kutia vidole kinywani. Lililo bora ni kuing'oa sakafu na kuweka nyingine. Asiyeweza, aioshe, aikaushe, aipake rangi nzito isiyopitisha kitu, kisha aifunike kwa sakafu ya pili. Mbao zilizong'olewa zisitumiwe kama kuni, maana moshi wake ni sumu.

Rangi ya zamani nayo yaweza kuwa na madini ya risasi. Madini haya hudumaza akili ya mtoto, na hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Wakenya hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walidhurika kwa risasi kutoka kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kwa hiyo rangi isikwanguliwe ikiwa kavu. Iloweshwe kwanza, watoto na wajawazito wawe mbali, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Hatari za kazi yenyewe

Fundi anayechomelea mabati yenye zinki bila upepo wa kutosha aweza kupata homa, baridi na maumivu ya viungo saa chache baadaye, usiku akiwa kitandani. Wengi hukimbilia dawa za malaria. Kwa kawaida homa hiyo hupoa yenyewe kwa siku moja au mbili, lakini malaria isidhaniwe tu wala kukanushwa tu, bali ipimwe. Akishindwa kupumua, aende hospitalini papo hapo.

Chuma kilichokatwa hukata ngozi pia. Pepopunda haitokani na kutu yenyewe, bali na viini vilivyo katika udongo na samadi, na Kajiado ni nchi ya mifugo. Wanawake wengi huchanjwa wakati wa ujauzito, lakini wanaume wengi hawajapata sindano hiyo tangu utotoni. Kidonda kikiwa kirefu au kichafu, na ikiwa imepita miaka 5 tangu chanjo ya mwisho, kioshwe kwa maji mengi na sabuni na uende ukachanjwe. Umeme nao utiwe na fundi mwenye leseni, maana waya mmoja uliochubuka hugeuza nyumba nzima ya chuma kuwa mtego.

Kipimo cha hewa

Kadiri ya wajenzi ni kwamba madirisha yasipungue sehemu moja ya kumi ya sakafu. Kontena la futi 20 lina sakafu ya takriban mita 14 za mraba. Kwa hiyo lahitaji madirisha mawili, kila moja la mita 1 kwa sentimita 70, yakikabiliana katika kuta mbili ndefu ili upepo uingie huku na kutokea kule. Hata hivyo, madirisha hufungwa usiku. Ndiyo maana ni lazima pia pawe na matundu ya kudumu, mengine karibu na sakafu na mengine karibu na dari, yenye wavu wa kuzuia mbu na nyoka.

Juu ya kontena weka paa la pili la mabati, ukiacha nafasi ya upepo kati yake, kwani jua la mchana hugeuza chuma kitupu kuwa tanuri, na watoto wachanga na wazee hawastahimili joto hilo. Kati ya chuma na ukuta wa ndani tia kizuizi cha joto, ambacho pia hupunguza lile jasho la ukutani. Lakini usikiache wazi, kwa sababu sponji nyingi hushika moto upesi na moshi wake huua. Mwisho, liinue kontena juu ya nguzo za zege, kwani udongo mweusi wa Kitengela hushika maji wakati wa masika na hupasuka wakati wa kiangazi.

Kabla ya kuhamia, mwite afisa wa afya ya umma wa kaunti akague. Kazi hiyo amepewa na Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, na macho yake yaweza kuona tundu ulilolisahau. Kisha fanya jaribio lako mwenyewe: laleni humo usiku mmoja na matundu yakiwa wazi, na asubuhi upitishe kiganja ukutani. Kikitoka kimelowa, usinunue pazia bado. Mwite fundi aongeze tundu jingine.