Wanaelewa somo la akiba, lakini hawaweki

Swali: Nafundisha chama chetu cha Kawangware kuweka akiba. Wanaelewa, ila hawaweki. Nifanyeje?

Jibu: Mwalimu, punguza maelezo. Katika utafiti uliofanywa Kibera na kutolewa 2016, baadhi ya watu wenye kazi zisizo rasmi walipewa sarafu ya rangi ya dhahabu yenye namba 24, moja kwa kila wiki. Kila wiki walikwaruza namba kuonyesha kama wameweka akiba. Sarafu hiyo ilisaidia kuliko hata nyongeza ya pesa juu ya akiba. Naipenda kwa sababu inakaa nyumbani, machoni pa familia. Nawe wape wanachama kadi ya aina hiyo, yenye namba za wiki, ya kutundika ukutani. Wenye biashara wafundishe kanuni moja: pesa ya kibanda isichanganywe na ya unga. Katika Jamhuri ya Dominika, kanuni nyepesi za aina hiyo zilishinda mafunzo ya uhasibu. Na fundisha siku ya mzunguko wa chama, kabla pesa hazijatoka.