Taa ya Dharura: Kinachowaka si Utambi

Usiku wa tarehe 25 Agosti, 2023, umeme ulikatika karibu katika nchi nzima ya Kenya, hata kiwanja kikuu cha ndege cha Nairobi kikaingia gizani. Usiku wa namna hiyo mtu wa mjini hupapasa rafuni akitafuta mshumaa, na mwenzake wa shamba asiye na umeme huwasha koroboi kama ilivyo desturi yake. Yafaa wote wawili wakijue kitu wanachokiwasha.

Watu wengi hudhani kwamba utambi ndio unaowaka. Sivyo. Kazi ya utambi ni kuyapandisha mafuta hata yafike penye joto, yageuke kuwa mvuke, na mvuke huo ndio uwakao. Ushahidi ni rahisi. Uzime mshumaa, kisha mara moja peleka njiti ya kiberiti katika ule moshi mweupe unaopanda: moto utarukia utambi kabla njiti haijaugusa. Michael Faraday, mtaalamu wa Uingereza, aliwafundisha vijana mambo haya mjini London katika karne ya 19, kwa mfano wa mshumaa.

Hapo ndipo penye siri ya usalama. Mafuta ya nazi au ya mbarika hayatoi mvuke wa kuwaka mpaka yapate joto kali, zaidi ya digrii 200. Kwa hiyo taa yake ikipinduka, aghalabu moto huzimika. Mafuta ya taa huutoa yakifikia digrii 40 hivi. Petroli huutoa hata katika baridi ya barafu. Basi mafuta ya taa yaliyotiwa petroli, ijapokuwa kidogo, yaweza kuilipua taa mkononi mwa mtu. Mafuta yasinunuliwe kwa mchuuzi asiyejulikana, wala yasiwekwe katika debe lililokuwa la petroli. Na koroboi isijazwe ikiwa inawaka, hata kama mtoto yumo katikati ya hesabu zake za shule.

Taa iliyo salama zaidi hutengenezwa hivi. Chukua gilasi nene yenye mdomo mpana na kipande cha waya. Sokota uzi wa pamba, si wa nailoni, maana nailoni huyeyuka. Zungusha waya kuushika utambi usimame, kisha tia mafuta ya nazi au ya kupikia. Mafuta haya ni mazito, hayapandi mbali. Ncha ya utambi isizidi upana wa kidole juu ya mafuta, na uuloweshe kabla ya kuuwasha. Wakaao penye baridi, kama Limuru, wataona mafuta ya nazi yameganda, kwa kuwa huganda chini ya digrii 24. Hao watumie ya alizeti.

Wenye mizinga, kama wafugaji wa nyuki wa Kitui na Baringo, wasitupe masega. Nta huyeyuka katika digrii 63 hivi, lakini isiyeyushwe juu ya moto wenyewe: chombo chake kiwekwe ndani ya sufuria yenye maji ya moto. Chovya utambi, uinue upoe, uchovye tena, mara 20 au zaidi, mpaka mshumaa unenepe. Kazi hii yataka subira, na mwenye haraka hupata mshumaa uliopinda. Nta ikishika moto, ifunike kwa kifuniko. Ukiimwagia maji, moto utaruka chumba kizima.

Taa yoyote izimwe kabla ya kulala, na dirisha liachwe wazi kidogo.

Mwisho, mafuta ya taa yasiwekwe kamwe katika chupa ya soda. Mtoto akiyanywa, asitapishwe wala asinyweshwe maziwa kwa nguvu, kwani yakiingia mapafuni huyaharibu. Apelekwe hospitali upesi, na chupa yenyewe ichukuliwe pamoja naye ili daktari aione.