Maji Yanayohesabiwa

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Waamuzi 15:14-19, 1 Samweli 30:1-15, Mwanzo 21:14-19, 1 Wafalme 19:1-8, Mathayo 25:35.

Fungu la Kukariri: 1 Samweli 30:12.

Uliza darasa lako mtu mzima anywe maji kiasi gani kwa siku, na jibu litakuja kabla hujamaliza swali: glasi nane. Wengine walifundishwa hivyo katika semina ya afya, wengine waliliona kwenye kalenda ukutani. Sasa uliza swali la pili: je, uji wa asubuhi umo katika hizo nane? Na supu? Na chungwa? Hapo darasa hugawanyika.

Jambo hili linaonekana dogo. Lakini anayeamini kwamba maji matupu pekee ndiyo huhesabiwa hujilaumu bure, na anayeshughulika na glasi zake mwenyewe aweza kumsahau yule aliyelala chumbani, asiyeweza kujiinulia kikombe. Juma hili tutatazama ni nini kinachohesabiwa, na pia ni nani.

JUMAPILI
Glasi Nane Zilitoka Wapi?

Wengi huona chanzo chake katika mwaka 1945, wakati bodi ya chakula na lishe ya Marekani ilipoandika kwamba mtu mzima anahitaji takriban lita 2.5 za maji kwa siku. Maelezo hayohayo yaliongeza kwamba sehemu kubwa ya kiasi hicho imo tayari ndani ya chakula. Watu walishika neno la kwanza, la pili wakaliacha. Mwaka 2002 Heinz Valtin, mtaalamu wa figo, alitafuta ushahidi wa kisayansi wa glasi nane kwa watu wazima wenye afya wanaoishi mahali pasipo na joto kali. Hakuupata.

Viwango vya Marekani vya mwaka 2004 vinataja lita 3.7 kwa mwanaume na 2.7 kwa mwanamke. Vya Ulaya vya mwaka 2010 vinataja 2.5 na 2.0. Vyote vinajumlisha kila kinywaji pamoja na chakula. Ikiwa wataalamu wenyewe wanapishana kwa zaidi ya lita moja, basi hatuna amri hapa, tuna makadirio. Mkulima anayepalilia juani anaweza kutoa jasho la zaidi ya lita moja kwa saa. Karani aliyeketi kivulini hana haja ya kunywa kama yeye. Mama anayenyonyesha anahitaji zaidi ya alivyohitaji kabla.

Kwa nini ni rahisi zaidi kukumbuka tarakimu kuliko maelezo yaliyokuja pamoja nayo? Ni mambo gani mengine ya afya tumeyashika kwa namna hiyo?

JUMATATU
Kikombe na Sahani

Makadirio ya kawaida ni kwamba kiasi cha theluthi hadi moja ya tano ya maji yetu ya siku hutoka kwenye sahani. Tango na tikitimaji ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Chungwa na maziwa hukaribia asilimia 87, ndizi mbivu asilimia 75. Hata ugali, ambao twauona mkavu, zaidi ya nusu yake ni maji uliyoyachemsha mwenyewe sufuriani. Anayekula mboga za majani, maharage yenye mchuzi na tunda amekwisha kunywa kiasi bila kujua. Anayeshinda kwa mkate mkavu na karanga itambidi anywe zaidi.

Na chai je? Hapa yatupasa kuwa wakweli. Wengi tumesikia, na pengine tumefundisha, kwamba chai ya majani na kahawa hukausha mwili kiasi kwamba haziwezi kuhesabiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulipima mkojo wa watu baada ya kunywa vinywaji mbalimbali. Chai na kahawa hazikuonyesha tofauti na maji. Maziwa na maji ya ORS yalikaa mwilini muda mrefu zaidi. Kanisa letu linashauri tuache kafeini, na shauri hilo lina sababu zake. Lakini jirani anayekunywa chai yake ya rangi hajikaushi, na shauri jema halisaidiwi na sababu isiyo ya kweli.

Soda nayo maji yake huhesabiwa, ila na sukari yake huhesabiwa pia. Maji safi na salama yanabaki kuwa kinywaji bora cha kila siku: hayana sukari, na gharama yake ni ndogo.

JUMANNE
Kiu, Mjumbe wa Mwili

Soma Waamuzi 15:14-19. Samsoni alimlilia Bwana kwa sababu gani baada ya ushindi wake?

Mtu mwenye nguvu kuliko wote aliangushwa na kiu, akalia, akapewa maji, roho yake ikamrudia. Kwa mtu mzima mwenye afya kiu ni mjumbe mwaminifu. Atakuita kwa wakati, nawe umsikie. Lakini uzeeni sauti yake hufifia. Bibi akisema hana kiu, hadanganyi. Mpelekee kikombe hata hivyo, kidogo kidogo, mara nyingi.

Mkojo ni shahidi mwingine. Ukiwa wa manjano hafifu, kwa kawaida maji yanatosha. Ukikolea na kuwa kidogo, ongeza. (Anayetumia dawa za kifua kikuu asishtuke akiuona wa rangi ya chungwa. Ni dawa.) Wala kunywa kupita kiasi si utakatifu: maji mengi mno kwa muda mfupi hupunguza chumvi ya damu hadi kuhatarisha maisha, na mgonjwa wa figo au wa moyo hufuata kipimo cha daktari wake, si cha somo hili.

Kuna jambo moja ambalo semina zetu hulipita kimya. Wako akina mama wanaojinyima maji kwa sababu ya choo. Kwenye makambi choo kiko mbali, foleni ni ndefu, mlango haufungiki. Mama mzee hanywi tangu alfajiri ili asisumbue watu, na alasiri akizirai tunasema ni jua. Kanisa likihubiri maji na lisijenge choo, limehubiri nusu.

JUMATANO
Mmisri Uwandani

Soma 1 Samweli 30:1-15. Daudi alikuwa na haraka gani? Watu wake walimpa yule kijana nini, na kwa utaratibu gani?

Siklagi imechomwa, wake na watoto wametekwa, na watu 200 wamekwisha kubaki nyuma kijito cha Besori kwa uchovu. Katika mbio hizo wanamkuta mtumwa wa Mmaleki. Bwana wake alimwacha kwa kuwa aliugua. Siku tatu, mchana na usiku, hajala wala kunywa. Wanasimama. Wanampa mkate, maji, kipande cha mkate wa tini na vishada viwili vya zabibu kavu, ndipo roho yake inamrudia. Maswali ya Daudi yanakuja baadaye.

Tusiigeuze habari hii kuwa kitabu cha tiba. Lakini tuone kwamba hawakumpa maji peke yake. Utumbo unaofuja maji kwa kuharisha bado unaweza kuyapokea pale chumvi na sukari zinapoingia pamoja, kwa maana viwili hivyo huvuta maji kuyaingiza mwilini. Mwaka 1971, kipindupindu kilipowashambulia wakimbizi wa vita vya Bangladesh katika kambi ya Bangaon, India, maji ya mshipani yalipungua. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuchanganya chumvi na sukari kwenye maji na kuwapa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe kwa vikombe. Vifo vilishuka kutoka kama asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4.

Mtoto anapoharisha nyumbani kwako, tumia pakiti ya ORS kama ilivyoandikwa. Ikikosekana: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Usizidishe chumvi. Mpe kidogo kidogo; akitapika, ngoja dakika 10 uanze tena polepole. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Akilegea, macho yakididimia, akishindwa kunywa au kinyesi kikiwa na damu, mpeleke kituo cha afya mara moja, ukimnywesha njiani. Bado wako wanaomnyima mtoto maji ili “tumbo likauke”. Tumbo halikauki. Anakauka mtoto.

ALHAMISI
Asiyeweza Kuomba

Soma Mwanzo 21:14-19. Kisima kilipoonekana, Hagari alifanya nini kwanza?

Alijaza kiriba, akamnywesha kijana. Ishmaeli hakuwa na nguvu za kukifikia kisima.

Kwa mtoto aliye chini ya miezi 6 kikombe chake ni ziwa la mama. Maziwa hayo ni maji kwa asilimia 87 hivi, na yanamtosha hata wakati wa joto. Kumwongezea maji humjaza tumbo asinyonye, na yakiwa machafu humletea kuharisha. Anayepaswa kuletewa maji ni mama anayemnyonyesha.

IJUMAA

Kwa Kujifunza Zaidi: Soma 1 Wafalme 19:1-8. Eliya alikula na kunywa, akalala, akaamshwa akala na kunywa tena, kabla ya kuulizwa neno lolote juu ya kukimbia kwake. Soma pia mashauri kuhusu matumizi ya maji katika kitabu Huduma ya Uponyaji cha Ellen G. White.

Maswali ya Kujadili:

1. Katika kundi lenu, ni nani anayejinyima maji siku ya Sabato kwa sababu ya choo, na ukarabati ungegharimu kiasi gani? Mletee mzee wa kanisa jibu lenye tarakimu.

2. Kanisa linapotangaza kufunga bila kula wala kunywa, mtawaambiaje wajawazito, wanaonyonyesha, wazee na wagonjwa wa kisukari ili wasione kwamba imani yao ni pungufu?

3. Someni Mathayo 25:35. Tajeni kwa majina wagonjwa na wazee wa mtaa wenu ambao mchana hubaki peke yao. Nani atapita Jumatatu?