Tusemezane Mapema: Kijitabu cha Ushauri Nasaha kwa Wenza

Kijitabu hiki ni cha mke na mume, wachumba, na wenza wote wanaoishi nyumba moja. Mkiweza, kisomeni pamoja, sehemu moja kila jioni. Kama mwenzako hayuko tayari, anza wewe.

1. Maelewano ya nyumbani ni afya

Ugomvi wa muda mrefu hauishii moyoni. Huondoa usingizi, hupandisha shinikizo la damu, na huwafanya watoto waishi kwa hofu. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, walichapisha utafiti uliohusu wanandoa 42 waliokubali kutiwa vidonda vidogo mkononi ili kasi ya kupona ipimwe. Wanandoa hao walipozungumzia mambo wanayogombania, vidonda vyao vilichelewa kupona kwa siku moja kuliko walipozungumza kwa kutiana moyo. Wale waliozoea kushambuliana kwa maneno walipona kwa asilimia 60 tu ya kasi ya wenzao wapole.

Kwa hiyo kutafuta msaada wa ndoa ni sawa na kwenda kupima presha. Ni kulinda afya ya watu wote mnaoishi nao.

2. Ushauri wa wenza ni nini?

Familia nyingi zina njia ya kusuluhisha: wazee, wazazi, mshenga, somo, sheikh, padri au mchungaji. Njia hizi zina heshima yake na zimeokoa nyumba nyingi. Lakini mara nyingi kikao cha wazee huitwa mambo yakishaharibika, na kazi yake kubwa ni kujua nani amekosa, aombe radhi, watu warudi nyumbani. Wiki tatu baadaye ugomvi uleule unarudi, kwa sababu namna ya kusemezana haijabadilika.

Mshauri nasaha wa wenza hatafuti mkosaji. Anawasaidia nyote wawili kuona jinsi ugomvi wenu unavyoanza na unavyokua, na kila mmoja anaumia wapi, kisha anawafundisha njia nyingine ya kuzungumza. Kikao huchukua kama saa moja. Wenza wengi huhitaji vikao kati ya 8 na 20, kwa kawaida mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki mbili. Tafiti za tiba hii zinaonyesha kwamba takriban wenza 7 katika kila 10 hunufaika.

Karibu nasi upo ushahidi wa Rwanda. Mpango wa Bandebereho uliwakusanya wanaume wenye watoto wadogo au wanaotarajia mtoto katika vikao 15 vya vikundi, na wake zao wakajiunga katika baadhi ya vikao. Walizungumzia malezi, kazi za nyumbani, mapato na namna ya kumaliza ugomvi bila ngumi. Watafiti walipowafuatilia miezi 21 baada ya mpango kuanza, wanawake wa familia hizo waliripoti kupigwa kwa uchache kuliko wanawake wa familia ambazo hazikushiriki, na wanaume waliwasindikiza wake zao kliniki ya wajawazito mara nyingi zaidi.

3. Ndani ya chumba cha ushauri

Huu ni mfano wa kufundishia. Mume ni dereva wa bajaji, mke anauza mboga gengeni. Kila mwisho wa mwezi wanagombana kuhusu hela ambayo mume anamtumia mama yake kijijini.

Mke anaanza: "Huyu ni mbinafsi. Sisi hatuoni, anaona kwao tu." Mume ananyamaza na kutazama dirishani.

Mshauri haulizi nani mwenye haki na hela hiyo. Anamwuliza mke: "Mama, siku ukiona ule ujumbe wa muamala kwenye simu yake, moyoni unajisikiaje?"

Mke anakaa kimya kidogo. "Naona kama mimi na watoto hatuhesabiki. Wiki ileile nilikuwa nimekopa kikoba kununua sare za shule."

"Baba, umemsikia anasemaje?"

"Nimesikia ananiita mbinafsi."

"Hilo ni la mwanzo. Na hili la pili?"

"Anasema... anajiona hahesabiki." Anamgeukia mkewe. "Habari ya mkopo wa kikoba sikuijua."

Ndipo na yeye anapata nafasi. Anaeleza kwamba mama yake alimsomesha kwa kuuza maandazi, na asipomtumia kitu anajiona hana maana. Alikuwa anatuma kwa siri kwa sababu anaogopa ugomvi. Kabla ya kuondoka wanakubaliana kiasi kinachojulikana, kinachotumwa wote wawili wakiwapo, baada ya ada na chakula kutengwa.

Kipato hakikuongezeka hata shilingi. Kilichobadilika ni kwamba kila mmoja amesikia kilichokuwa chini ya maneno makali ya mwenzake.

4. Tabia nne zinazobomoa

Mwanasaikolojia John Gottman wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, alitumia miaka mingi kuwarekodi wanandoa wakizungumza. Alizitaja tabia nne zinazoonyesha kwamba uhusiano uko hatarini. Zitazameni nyumbani kwenu.

*Kumshambulia mtu badala ya kutaja jambo.* "Wewe huna akili ya maisha." Badala yake taja tukio, hisia na ombi: "Jana unga uliisha na sikuwa na hela, nikapata wasiwasi. Naomba Ijumaa tukae tupange."

*Dharau.* Kusonya, kubetua midomo, kumrushia mwenzako mafumbo mbele ya wageni, kumwigiza anavyosema. Gottman aliona kwamba hii ndiyo mbaya kuliko zote. Dawa yake ni kurudisha tabia ya kushukuru: kwa chai, kwa maji ya kuoga, kwa hela iliyoletwa, kwa mtoto aliyepelekwa kliniki.

*Kujitetea kwa kila jambo.* "Mbona na wewe juzi?" Kubali sehemu yako hata ikiwa ndogo: "Kweli, nilichelewa na sikupiga simu."

*Kununa na kupiga kimya.* Mara nyingi anayenyamaza hadharau. Mapigo ya moyo yamepanda na hawezi tena kufikiri vizuri. Aombe mapumziko ya angalau dakika 20, atembee au anawe uso, na aseme saa atakayorudi kumalizia mazungumzo. Kuondoka bila kusema utarudi lini ni kumtesa mwenzako.

Gottman aliona pia kwamba wenza wanaodumu, hata wanapobishana, huwa na mambo mema 5 kwa kila baya 1: kutabasamu, kuitikia, kugusa bega, kusema "nakuelewa". Ugomvi wenyewe hauvunji nyumba. Inavunjika wema ukiisha.

5. Zoezi la dakika 20

Fanyeni mara mbili kwa wiki, watoto wakishalala na simu zikiwa mbali. Wiki ya kwanza chagueni jambo dogo. Msianze na lile kubwa kuliko yote.

1. Mmoja anasema kwa dakika 5 bila kukatizwa. Anaanza na "mimi", si "wewe".
2. Mwingine anasikiliza, kisha anarudia kwa maneno yake: "Nimesikia unasema kwamba..."
3. Msemaji anathibitisha au anasahihisha. Msikilizaji hajibu hoja bado.
4. Mnabadilishana nafasi.
5. Kila mmoja anatoa ombi moja dogo linalowezekana wiki hiyo.
6. Mnamaliza kwa kushukuriana, hata kama hamjafikia uamuzi.

Mkishindwa mara tatu mfululizo, nendeni kwa mshauri. Hiyo ni ishara kwamba mnahitaji mtu wa tatu, wala si ishara kwamba ndoa imekwisha.

6. Wakati ushauri wa pamoja haufai

Palipo na kipigo, vitisho, kulazimishwa tendo la ndoa au kunyimwa uhuru wa kutoka nje, msianze na kikao cha pamoja. Anayeteswa akisema ukweli mbele ya mshauri anaweza kuadhibiwa akifika nyumbani. Usalama unatangulia.

Kwa Tanzania Bara, kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mwenza wake, hata kama mila inaruhusu. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii. Aliyelazimishwa ngono afike kituo cha afya haraka iwezekanavyo, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72. Mtoto akiwa hatarini, piga simu namba 116 bila malipo.

Ulevi uliokithiri na sonona navyo vinahitaji matibabu yake, kabla ya ushauri wa pamoja au sambamba nao.

7. Msaada uko wapi?

- Afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri yenu.
- Kitengo cha afya ya akili au cha ustawi wa jamii katika hospitali ya wilaya, ya mkoa au ya rufaa.
- Kliniki ya wajawazito na vituo vya upimaji wa VVU, ambako wenza hushauriwa pamoja.
- Viongozi wa dini waliopata mafunzo ya ushauri.

Kabla ya kuanza mwulizeni mshauri: Umesomea wapi? Gharama ni kiasi gani? Mambo yetu yatabaki siri? Mshauri mzuri hujibu bila kukasirika. Atawaambia pia kwamba siri ina mpaka pale uhai wa mtu au usalama wa mtoto unapokuwa hatarini. Akimpendelea mmoja wenu waziwazi, tafuteni mwingine.

Fahamuni pia kwamba Tanzania Bara, kwa Sheria ya Ndoa, shauri la talaka halifiki mahakamani kabla ya kupitia Baraza la Usuluhishi la Ndoa, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa na sheria. Wengi husubiri hadi siku hiyo ndipo wakae mbele ya mtu wa tatu. Wakati huo mmoja ameshakata tamaa.

8. Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

*Je, si aibu kumweleza mgeni mambo ya ndani?* Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mshauri anabanwa na maadili ya kazi yake asitoe siri. Jirani hana wajibu huo.

*Mwenzangu hataki kwenda. Nifanyeje?* Usimburute wala usimtishie. Mwambie: "Nakupenda na nataka tukae vizuri, twende mara moja tu tukasikie." Akikataa, nenda peke yako. Mmoja akibadili namna ya kujibu, ugomvi nao hubadilika.

*Je, mshauri anaweza kutuambia tuachane?* Uamuzi huo ni wenu. Wako wanaotengana hata baada ya ushauri, lakini waliojifunza kusemezana huweza kulea watoto wao bila kuwafanya wajumbe wa ugomvi.

*Tuende lini?* Mkiona mnagombana jambo lilelile mara kwa mara, mmeacha kuzungumza isipokuwa kuhusu watoto na matumizi, uaminifu umevunjika, au mmoja analala na hasira usiku baada ya usiku. Nendeni pia kabla ya ndoa, na mtoto wa kwanza anapozaliwa, kwa kuwa vipindi hivyo huwabadilisha watu wote wawili.

Neno la mwisho kwako msomaji

Usingoje barua ya Baraza. Wiki hii chagueni jioni moja mfanye zoezi la dakika 20. Wiki ijayo, kama bado ni vigumu, ulizeni ofisi ya kata afisa ustawi wa jamii anapatikana siku gani, kisha mwende wote wawili.