Kuvuka Ruvuma si kulitupa shamba

Barua imetoka kijiji kimoja cha Ruangwa, na mwandishi ameniomba nisikitaje. Ni mama wa watoto wawili. Mwaka 2019 yeye na mumewe walivuka mto Ruvuma kwa Daraja la Umoja pale Mtambaswala wakaenda kutafuta maisha Msumbiji. Shamba lao la mikorosho, ekari tatu, walimwachia shemeji yake alipalilie na kupuliza salfa. Hawakuandikishana kitu, nani huandikishana na mdogo wake? Waliporudi baada ya miaka minne wakakuta mtu wasiyemjua anaokota korosho. Ofisi ya kijiji ikawajibu: "Mlihama nchi, shamba likarudi kijijini, kijiji kikauza."

Jibu hilo nimelisikia Nachingwea, nimelisikia Ruangwa, na kila ninapolisikia naona namna ukweli kidogo unavyotumika kubeba uongo mkubwa.

Tuanze na huo ukweli. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 45, inataja hali zinazoweza kufanya shamba lihesabiwe kuwa limetelekezwa. Ya kwanza wengi wanaijua: miaka 5 bila kulitumia. Ya pili ndiyo mtego. Inamhusu mwanakijiji anayeishi kwa kilimo au ufugaji, akaondoka nchini bila kumweka mtu wa kuliangalia shamba na bila kuiarifu halmashauri ya kijiji ipasavyo. Hapo hakuna miaka 5 ya kusubiri.

Wenzi wengi hunaswa hapo kwa sababu wanaondoka kimyakimya. Wanaogopa kijicho, wanaogopa wanaowadai, au wanaona aibu kutangaza safari ambayo huenda isifanikiwe. Wengine waliondoka hivyo wakati wa mbio za rubi za Montepuez, Msumbiji, na Februari 2017 Watanzania walipofukuzwa kule walirejea bila kitu mkononi. Mtu wa namna hiyo shamba lake ndilo tegemeo la mwisho.

Sasa uongo. Hata kama shamba limetelekezwa kweli, sheria haimpi mwenyekiti wala mtendaji ruhusa ya kuliuza. Halmashauri ya kijiji lazima kwanza ibandike tangazo ofisini na shambani kwenyewe, likitaja siku ya kulijadili suala hilo, isiyopungua siku 30 mbele, na kumwalika yeyote mwenye maslahi aje ajieleze. Baada ya hapo inatolewa amri ya muda kabla ya amri ya mwisho. Na mwisho wa yote hayo shamba linarudi katika ardhi ambayo kijiji kinaweza kuwagawia wakazi wake, kwa idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Haligeuki bidhaa ya kuuzwa jioni, chini ya mwembe, kwa mgeni aliyekuja na gari.

Kwa hiyo, mama, swali la kwanza la kuwauliza ni hili: tangazo liko wapi? Omba nakala. Omba muhtasari wa kikao cha halmashauri na wa mkutano mkuu. Katika mashauri ya aina hii niliyoyaona, sijawahi kuonyeshwa vyote vitatu. Nilichoonyeshwa mara nyingi ni karatasi ya mauziano yenye muhuri wa kijiji, na pembeni risiti ya ile asilimia 10 ambayo vijiji vingi hudai kila ardhi inapouzwa. Asilimia hiyo ndiyo inayoharakisha muhuri. Na tangu watu waanze kuulizia madini ya kinywe Ruangwa, haraka imezidi. Kiongozi anayeuza shamba la jirani yake kwa sababu jirani hayupo anaiba, na muhuri haubadilishi jina la kitendo hicho. Aliyenunua kwa mtu asiye na haki hakununua haki yoyote. Arudi kwa aliyepokea pesa zake.

Swali la pili: shemeji yako alikuwa wapi? Kumwacha shambani ni mpango, na sheria haikusema mpango lazima uandikwe. Lakini utalazimika kuuthibitisha. Nenda AMCOS, chama cha ushirika mlikokuwa mnapeleka korosho, utafute stakabadhi za misimu ya 2019 hadi mliporudi. Zikiwa kwa jina la mumeo au la shemeji, kwa mzigo wa shamba hilo, utakuwa umeonyesha kwamba shamba lilikuwa na mwangalizi. Majirani wa mpakani waliomwona akipalilia ni mashahidi pia.

Jambo jingine ni lako wewe kama mke, na nalisema kwa herufi nzito kwa sababu barua yako inasema "shamba la mume wangu" mara saba. Sheria ya Ardhi, kifungu cha 161, inasema ardhi ikiwa kwa jina la mwenzi mmoja, na mwingine amechangia kwa jasho lake kuizalisha na kuitunza, jasho hilo limempa haki ndani yake. Ulipalilia, uliokota, ulibangua. Shamba hilo ni lako pia. Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa; sembuse jembe. Kwa hiyo hata wakikuambia mumeo aliridhia kwa simu, uliza: na mimi nani aliniuliza?

Na hata kama ndoa yenu ilifungwa msikitini bila kusajiliwa, hilo haliiondolei uhalali wake. Ila kwa wanaojiandaa kuondoka, isajilini kabla ya safari. Ofisa wa nchi ya watu hamjui sheikh wenu, na ukiwa peke yako mbele yake bila cheti, wewe si mke wa mtu.

Wanaoondoka mwaka huu wafanye hivi. Ombeni hatimiliki ya kimila yenye majina yenu yote mawili. Andikeni barua kwa halmashauri ya kijiji: tunakwenda mahali fulani, shamba linaangaliwa na fulani, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa na iwe na tarehe. Mkimpa ndugu hati ya uwakilishi, iseme anaweza kupalilia, kuvuna na kuuza korosho. Neno "ardhi" lisikae karibu na neno "kuuza". Nimeona hati zilizoandikwa kwa upana kiasi kwamba ndugu aliuza kila kitu na hakuna aliyeweza kumgusa.

Lakini sheria yenyewe nayo ina kasoro. Mkulima wa Nachingwea akihamia Dar es Salaam, safari ya siku nzima, ana miaka 5. Akivuka mto kwenda kwa watu ambao huenda wanazungumza Kimakua au Kimakonde kama yeye, hana hata mmoja. Hapa Nachingwea tuliishi na kambi ya FRELIMO mpaka Msumbiji ikakaribia uhuru wake wa 1975. Tunajua kwamba mtu anaweza kuvuka Ruvuma na bado ana kwao. Bunge lingeweza kufuta aya hiyo moja, au walau kudai taarifa imfikie mhusika kwa simu. Karatasi iliyobandikwa ukutani haisomeki ukiwa Montepuez.

Na kama mwenzi mmoja atachukua uraia wa kule, ajue anapoteza wa Tanzania, na haki ya kimila ya ardhi ya kijiji ni ya raia. Kasoro nyingine iko hapo hapo: mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania ana haki ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa hiyo, lakini mwanamume mgeni aliyemwoa Mtanzania hana. Mabinti wetu wanaorudi na waume kutoka Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, wanalipia ubaguzi huo.

Mama, muda wa kudai ardhi mahakamani ni miaka 12, kwa hiyo hujachelewa. Usuluhishi utaanzia Baraza la Ardhi la Kijiji au la Kata. Ukishindikana, shauri liende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mtafute msaidizi wa kisheria, ambaye Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamtambua, akuelekeze namna ya kufungua madai. Jina lako litangulie katika madai hayo, la mumeo lifuate. Na kabla ya kikao cha kwanza, nenda kapige picha mikorosho ile mliyoipanda.