Kilomita za Karatasi na Kilomita za Barabarani: Somo kwa Mnunuzi wa Gari la Haibridi la Njia Ngumu

Mnunuzi wa gari katika nchi yetu huuliza mambo mawili kabla ya kufikia bei ya mwisho: vipuri vyake vinapatikana wapi, na linakula mafuta kiasi gani. Somo hili linahusu swali la pili, na tunalielekeza kwa gari refu la haibridi lenye uwezo wa kusukuma magurudumu yote manne, yaani gari lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, ambalo mnunuzi hulitaka kwa foleni za Dar es Salaam siku tano za wiki na kwa barabara ya vumbi ya kijijini siku mbili zinazobaki. Muuzaji hulijibu swali hilo kwa tarakimu moja tu. Kazi yetu ni kumwonyesha msomaji tarakimu hiyo imetoka wapi, na nini kinatokea anapopanga safari kwa kuitegemea.

Tuchukue mfano halisi. Mitsubishi Outlander PHEV ilianza kuuzwa Japani mwanzoni mwa mwaka 2013. Ina injini ya lita 2.0, mota mbili za umeme, moja mbele na moja nyuma, betri ya kilowati-saa 12 na tangi la lita 45. Huchajiwa kwa kuchomekwa kwenye umeme wa nyumbani. Karatasi zake za Kijapani zilionyesha tarakimu tatu: kilomita 67.0 kwa lita, kilomita 18.6 kwa lita, na kilomita 60.2 kwa umeme pekee. Zote tatu ni za kweli kwa maana ya kipimo chake. Hata hivyo, mtu akionyeshwa ile ya kwanza peke yake, ataondoka na picha isiyofanana kabisa na gari analolinunua.

Kipimo hicho kiliitwa JC08. Gari liliwekwa juu ya roli za mashine ndani ya maabara, likaendeshwa kwa muda unaozidi kidogo dakika 20, kwa mwendo wa wastani usiofika kilomita 25 kwa saa, na halikuwahi kuvuka kilomita 82 kwa saa. Kiyoyozi kilizimwa. Hapakuwa na mlima, matope, abiria watano wala magunia ya mchele nyuma. Kuanzia mwaka 2018 Japani ilihamia kipimo kingine, WLTC, ambacho kinakaribia zaidi uendeshaji wa kawaida. Wamarekani nao wana kipimo cha Shirika lao la Ulinzi wa Mazingira, ambacho huingiza mwendo wa kasi, baridi na matumizi ya kiyoyozi, na kwa hiyo tarakimu zake huwa chini. Msomaji asilinganishe gari lenye tarakimu ya JC08 na gari lenye tarakimu ya Marekani akidhani anapima kwa mizani moja.

Ile tarakimu ya 67.0 inahitaji maelezo ya peke yake, kwa sababu ndiyo inayopotosha watu wengi zaidi. Tuseme mtu anaendesha kilomita 600 kwa mwezi. Kilomita 450 kati ya hizo amezipata kwa umeme aliochaji nyumbani, na 150 kwa petroli, kwa kiwango cha kilomita 12 kwa lita. Petroli aliyoitumia ni lita 12.5. Akigawa 600 kwa 12.5 atapata kilomita 48 kwa lita na kuwasimulia majirani kwa furaha. Lakini gari halijawahi kwenda kilomita 48 kwa lita hata siku moja. Sehemu kubwa ya safari ililipiwa kwa LUKU. Hesabu ya mtengenezaji nayo imejengwa kwa kuchanganya umeme na petroli namna hiyo hiyo. Asiye na mahali pa kuchaji kila usiku aifute kabisa tarakimu hiyo akilini na kuanzia kwenye 18.6, kisha aipunguze.

Aipunguze kwa kiasi gani? Hapa ndipo jina «haibridi» linapodanganya, kwa kuwa wengi huliona kama hakikisho la uchache wa mafuta. Tazama magari mawili ya Toyota yaliyopimwa Marekani kwa mizani moja, yote ya mwaka 2024. RAV4 ya haibridi yenye kusukuma magurudumu manne ilipewa maili 40 kwa galoni, sawa na kilomita 17 kwa lita. Land Cruiser mpya ya haibridi ilipewa maili 23 kwa galoni, ambazo hazifiki kilomita 10 kwa lita. Yote mawili ni haibridi, na kampuni ni moja. Land Cruiser ina uzito unaozidi tani mbili na robo, umbo la sanduku, na injini ya turbo ambayo mota yake imewekwa zaidi kuongeza nguvu ya kuvuta kuliko kubana mafuta. Hatusemi ni gari baya. Kwa mwenye trela au shamba la mbali huenda ndilo linalomfaa. Tunasema tu kwamba neno lililobandikwa nyuma ya gari halimwambii mnunuzi atajaza mafuta mara ngapi.

Haibridi huokoa mafuta kwa njia kuu mbili. Kwanza, huzima injini gari linaposimama au kutambaa. Pili, mguu unapoachia mafuta au kukanyaga breki, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya nguvu kwenye betri. Ndiyo maana foleni ya Ubungo, inayolitesa gari la kawaida, ni mahali ambapo haibridi hujipatia faida yake. Kwenye barabara kuu ya Chalinze hadi Morogoro mambo hubadilika. Breki hazikanyagwi mara kwa mara, injini inafanya kazi muda wote, na adui mkubwa ni upepo. Nishati ya kuupasua upepo kwa kila kilomita huongezeka kwa mraba wa mwendo: anayetoka kilomita 80 kwa saa kwenda 110 karibu anaizidisha mara mbili. Gari refu lenye keria na mizigo juu ya paa huumia zaidi ya gari dogo.

Milima nayo ina hesabu yake, na wengi hutarajia kupata wanaposhuka kila walichopoteza walipopanda. Barabara ya Lushoto hadi Mombo hushuka karibu mita 1,000. Gari na watu wake wakiwa na uzito wa tani 2.5, nishati inayopatikana katika mteremko huo ni karibu kilowati-saa 6.8. Hata nusu yake ikipotea kwa upepo, matairi na joto, zitabaki zaidi ya kilowati-saa 3. Betri ya Land Cruiser tuliyoitaja ina uwezo wa kilowati-saa 1.87 tu. Itajaa kabla gari halijafika chini, na kinachosalia kitapotea kwenye injini na breki. Outlander ina nafasi ya kutosha, isipokuwa kama mwenyewe ameichaji ikajaa pomoni usiku uliotangulia pale Lushoto. Anayelala mlimani na kushuka asubuhi afadhali aache betri na nafasi.

Sasa tufike kwenye umbali ambao tangi moja linaweza kufika, maana hapa kosa la hesabu halimalizikii mfukoni. Tuseme familia inatoka Iringa kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, yapata kilomita 130, kwa Outlander iliyojazwa mafuta mjini. Watakuwa huko siku tatu wakizunguka kilomita 80 kila siku, kisha warudi. Jumla ni kilomita 500. Kwa tarakimu ya karatasi, lita 45 zikizidishwa kwa 18.6 ni kilomita 837, na baba wa familia ataona hana haja ya kuuliza habari za mafuta. Tufanye hesabu upya kwa tahadhari. Tuache lita 5 zisiguswe, zibaki 40. Tuchukue kilomita 9 kwa lita, kwa kuwa njia ni ya vumbi, mwendo ni wa polepole, kiyoyozi kinawaka wakati watu wakitazama tembo, na kwenye mchanga magurudumu huteleza bila gari kusonga. Tunapata kilomita 360. Betri iliyojaa ikiongeza kilomita 40, tunafika 400. Zinakosekana 100, na zinakosekana mahali ambapo mtu hashuki kwenye gari akatembea kwa miguu kwenda kuomba msaada. Safari ya namna hii ipangwe kwa kuuliza mapema kama mafuta yanapatikana hifadhini siku hiyo, au kwa kubeba akiba katika dumu la chuma lililotengenezwa kwa mafuta. Dumu la plastiki la maji halifai, hata kama muuza mafuta amekubali kulijaza.

Kiwango cha kilomita 9 tumekichagua kwa tahadhari; kila gari lina chake, na mwenye gari anaweza kukipata bila fundi wala kifaa. Jaza tangi mpaka bomba la pampu lijikate lenyewe, bila kuongeza matone. Rudisha mita ya safari kwenye sifuri. Endesha kama kawaida yako, walau kilomita 300, kisha rudi kwenye pampu ile ile na ujaze mpaka ijikate tena. Kama mita inaonyesha kilomita 412 na pampu imetoa lita 36.8, gari lako linakwenda kilomita 11.2 kwa lita. Rudia mara tatu, na tenga safari za mjini, za barabara kuu na za njia mbovu, kwa kuwa wastani wa zote tatu hautakusaidia kupanga safari yoyote kati yake. Tarakimu inayoonyeshwa kwenye dashibodi itumike kama dokezo tu. Na aliyeweka matairi makubwa kuliko ya awali akumbuke kwamba mita yake sasa inapunja kilomita: tairi ikiwa na kipenyo kilichozidi kwa asilimia 5, mita itasoma 100 wakati gari limekwenda 105.

Mwenye haibridi ya kuchaji ahesabu uniti kando. Uniti zisomwe kwenye mita ya umeme ya nyumbani, maana sehemu yake hupotea njiani kabla ya kuingia kwenye betri. Kama uniti moja inakupa kilomita 5 na lita moja inakupa 12, basi lita moja ni sawa na uniti 2.4. Linganisha bei ya uniti 2.4 na bei kikomo ya petroli ya mwezi huo, nawe utajua kuchaji kunakuokolea kiasi gani. Kitufe cha kuchaji betri kwa injini wakati gari linatembea kisihesabiwe kama njia ya kubana matumizi. Umeme huo umetokana na petroli yako mwenyewe, na umepungua njiani.

Kuhusu gari lililotumika, umri wa betri ni jambo la kuuliza kabla ya rangi na viti. Betri ya mwaka 2013 haihifadhi tena kile ilichohifadhi ikiwa mpya. Mwombe muuzaji ripoti ya uwezo uliobaki, iliyosomwa kwa kifaa cha uchunguzi mbele yako. Akikataa, omba gari lichajiwe lijae, kisha liendeshe barabara tambarare kwa kilomita 50 hadi 60 kwa saa, kiyoyozi kikiwa kimezimwa na mguu ukiwa mwepesi, mpaka injini iwake yenyewe. Kilomita ulizopata ndizo unazozinunua.

Muuzaji akikutajia matumizi ya mafuta, mwombe ayaandike kwenye hati ya mauziano pamoja na jina la kipimo kilichotumika. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, lakini malalamiko yasiyo na maandishi ni magumu kuyathibitisha. Hifadhi tangazo ulilolisoma, hata kama ni picha ya skrini ya simu, pamoja na stakabadhi tatu za kujaza mafuta zenye tarehe, lita na usomaji wa mita.