Kimya cha Mpelelezi

Muhula uliopita hapa Kigali niliandika programu ya kujumlisha alama za mtihani za darasa letu. Siku ya kufunga shule ilikaribia, nayo ikakataa kabisa kufungua faili, ingawa faili ilikuwapo.

Mwalimu akanionyesha ltrace, chombo cha Linux alichokitunga Juan Cespedes mwaka 1997. Huvizia programu inapoomba msaada wa maktaba, yaani kazi zilizokwisha andikwa na wengine, kikaandika ombi na jibu lake. Nikaona:

fopen("alama.txt\n", "r") = 0

Sifuri maana yake imeshindwa. Ile \n ni ishara ya mstari mpya: nilipoandika jina la faili nilibonyeza Enter, na fgets, iliyolisoma, haiiondoi. Nikaiondoa, na hesabu ikatoka.

Lakini jihadharini. ltrace huvizia kwenye mlango mmoja, jedwali liitwalo PLT. Programu nyingine za siku hizi zimejengwa zisipite hapo, nacho hukaa kimya. Ndiyo maana hata chombo cha kutafuta makosa huhitaji kurekebishwa. Basi mkikuta kimya, msiseme hakuna kosa. Jaribuni strace, kinachoonyesha maombi yaendayo kwenye kiini cha Linux chenyewe.